Mizizi ya Kigiriki na Kilatini ndani ya Kiingereza: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Dar

Mtoto anayemaliza darasa la saba hapa Dar es Salaam anaijua usanisinuru. Atakueleza kwamba jani huchukua mwanga wa jua, maji na kabonidayoksaidi, likajitengenezea chakula. Januari akivaa sare ya kidato cha kwanza, kitu kilekile kinaitwa photosynthesis, na aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono ananyamaza. Hajasahau chochote. Amebadilishiwa lugha ya kufundishiwa, basi. Wengi wanakimbilia kukremu: p, h, o, t, o, mpaka herufi zote 14 ziishe. Pepa ikipita, nazo zinapita.

Neno hilo lina vipande vitatu. Photo ni mwanga, syn ni pamoja, thesis ni kuweka. Kuweka vitu pamoja kwa mwanga. Waliotuundia usanisinuru walifuata njia hiyohiyo: usanisi upande huu, nuru upande ule. Ukishaona hivyo, photograph, synthetic, hypothesis na photocopy ya pale stesheneri zinaanza kukufungukia bila kuzikariri.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, wa chuo cha uuguzi au famasia, wa karani anayeshughulika na nyaraka za bandarini, na wa mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe. Si lazima ujue Kigiriki wala Kilatini. Kinachotakiwa umeshafundishwa kwenye kipindi cha Kiswahili, ila pengine ulikiona hakina kazi nje ya mtihani: uambishaji.

Hatua ya kwanza: anza na Kiswahili chako

Andika neno wachezeshaji, ulikate. Wa- ni kiambishi cha watu wengi, -chez- ni mzizi, -esh- inaonyesha kumfanya mwingine atende, -aji inamtaja mwenye kazi hiyo. Marefa. Hata asiyekanyaga uwanja wa mpira angeipata maana kwa kukata tu.

Sasa likate conductor. Con- ni pamoja, duct ni kuongoza, -or ni mtendaji. Anayewaongoza watu wakawa pamoja: ndiye konda wako wa daladala, anayekwambia usogee nyuma wakati nyuma hakuna nafasi. Ukiingia kwenye fizikia unamkuta conductor mwingine, waya unaoongoza umeme. Mzizi ni uleule wa Kilatini, ducere. Ongeza viambishi vingine uone: produce ni kuleta mbele, kwa hiyo kuzalisha, reduce ni kurudisha nyuma, kwa hiyo kupunguza, introduce ni kuingiza ndani, kwa hiyo kutambulisha, deduct ni kuondoa, na kila mwajiriwa anaijua deduction inayokaa kwenye hati yake ya mshahara kila mwisho wa mwezi.

Kabla hujaenda mbele, kata hivi maneno machache ya Kiswahili na machache ya Kiingereza kwenye ukurasa mmoja, kushoto na kulia. Lengo ni mkono uzoee kwamba kazi ni moja.

Hatua ya pili: jua neno la kuchimba na la kuacha

Si kila neno la Kiingereza lina mzizi wa Kigiriki au Kilatini, na anayechimba kila mahali anajichosha bure. Kiingereza kwa kuzaliwa ni ndugu wa Kijerumani. Maneno yake ya jikoni, ya mwilini na ya nyumbani ni ya huko: water, bread, hand, foot, eat, sleep, mother. Haya yajifunze kwa kuyatumia tu. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini, kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama. Baadaye wasomi nao wakawa wanachota moja kwa moja kwenye Kilatini na Kigiriki kila walipohitaji jina la kitu kipya. Ndiyo maana Kiingereza kina hand lakini kazi ya mkono ni manual. Kina tooth lakini daktari wake ni dentist. Kina heart lakini ugonjwa wake ni cardiac. Kina water lakini kinachohusu maji ni aquatic kwa Kilatini au hydraulic kwa Kigiriki.

Kwa hiyo neno la darasani, ofisini, hospitalini au mahakamani, hasa likiwa refu, lichimbe. Neno la sebuleni liache.

Tahajia nayo inakupa dalili. Ph inayosomeka f ni Kigiriki: phosphorus, physics, graph. Ch inayosomeka k ni Kigiriki: chemistry, chlorophyll, cholera. Y iliyokaa katikati ya neno, rh au ps mwanzoni, mara nyingi ni Kigiriki pia: hydrogen, rhinoceros, psychology. Maneno ya -tion, -ity na -ment kwa kawaida yametoka Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa.

Kuna yanayodanganya. Uncle haina un- ya kukanusha. Imetokana na avunculus ya Kilatini, mjomba. History haina uhusiano na his. Ni historia ya Kigiriki, uchunguzi. Kipimo ninachowapa wanafunzi wa tuisheni ni hiki: kipande unachokidhania kuwa mzizi lazima kionekane kwenye neno jingine kikiwa na maana ya kufanana. Kama hakionekani popote, funga shimo, nenda neno lingine.

Hatua ya tatu: tengeneza daftari la mizizi

Tafuta kaunta buku ya kwaya mbili. Simu inafaa kwa kutafutia, lakini daftari ndilo linalobaki kichwani, na haliishiwi chaji. Kila mzizi upewe ukurasa wake mzima. Juu andika mzizi, lugha yake na maana yake kwa Kiswahili. Maana hiyo iwe kitenzi kila inapowezekana, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kinanyumbulika na kitakufuata popote neno liendako.

Ukurasa wa spect, kwa mfano, unaanza hivi: spect, Kilatini, kutazama. Chini yake, inspect: kutazama ndani, kukagua, ndipo tulipompata inspekta wa polisi. Spectator: mtazamaji, yule wa jukwaani Uwanja wa Benjamin Mkapa. Spectacles: vya kutazamia, miwani. Respect: re- ni nyuma au tena, kugeuka kumtazama mtu, kwa hiyo kumheshimu. Suspect: sus- hapa ni sub- iliyojificha, chini, kumtazama mtu kutokea chini, kwa hiyo kumshuku. Prospect: pro- ni mbele, kutazama mbele, mwenye leseni ya kutafuta madini anafanya prospecting.

Nusu ya chini ya ukurasa iache wazi. Mzizi huohuo utakurudia kwenye somo lingine baada ya wiki mbili, na hapo ndipo faida yake inapoonekana.

Usianze na orodha ya mizizi mia mbili uliyoipakua kutoka intaneti. Anza na somo linalokusumbua. Wa biolojia achukue bio (uhai), derm (ngozi), haem (damu), phyll (jani), vor (kula), cide (kuua). Wa jiografia achukue geo (dunia), graph (kuandika), litho (jiwe), hydro (maji), terr (ardhi). Wa uraia na historia achukue demo (watu), crat (mamlaka), arch (kutawala), mono (moja). Wa biashara achukue port (kubeba), cred (kuamini), man (mkono), fact (kufanya). Mzizi mmoja kwa siku za shule, mwisho wa juma ni wa kurudia. Anayechukua kumi kwa usiku mmoja amerudi kwenye kukremu kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya nne: viambishi awali, na tabia yao ya kujigeuza

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokwama, na ndipo Mswahili ana nafuu kuliko anavyodhani.

Viambishi awali vya kuanzia havifiki thelathini. Vya Kilatini: re- (tena, nyuma), pre- (kabla), pro- (mbele), sub- (chini), super- (juu), inter- (kati ya), intra- (ndani ya), trans- (kuvuka), ex- (nje), in- (ndani, pia kukanusha), con- (pamoja), de- (kuondoa, kushuka), dis- (kutenganisha), ad- (kuelekea), post- (baada). Vya Kigiriki: a- au an- (bila), anti- (dhidi), auto- (-enyewe), hyper- (kupita kiasi), hypo- (chini ya kiasi), peri- (kuzunguka), poly- (-ingi), syn- (pamoja), tele- (mbali), dia- (kupitia).

Mwanafunzi akishavijua hivyo anakutana na illegal, irregular na import, anauliza in- iko wapi. Iko palepale, imejigeuza. Sema kwa sauti: nyumba nzuri, nyumba ndefu, nyumba ngumu. Halafu sema: nyumba mbaya, nyumba mbovu. Kiambishi cha ngeli ya I-ZI ni n-, lakini kikikutana na b kinakuwa m-, kwa sababu midomo inajiandaa kufunga mapema. Kwenye sarufi tunaita usilimisho. Warumi nao walikuwa na midomo. In- ikikutana na p, b au m inakuwa im-: import, immortal. Ikikutana na l inakuwa il-, ikikutana na r inakuwa ir-. Con- inafanya vivyo hivyo: compare, collect, correct. Syn- ya Kigiriki pia: sympathy, symptom, syllable.

Mlaghai mkubwa ni ad-. Huyu d yake inamezwa na herufi inayofuata: ad- na tract (kuvuta) inakuwa attract, ad- na cept (kuchukua) inakuwa accept, ad- na nounce (kutangaza) inakuwa announce. Kwa hiyo ukiona konsonanti moja imeandikwa mara mbili karibu na mwanzo wa neno, shuku kuna kiambishi kimejificha hapo.

Hili linakutengenezea tahajia bila kukariri. Illegal ina l mbili kwa kuwa moja ni ya kiambishi na nyingine ni ya legal. Connect ina n mbili kwa kuwa ni con- na nect, kufunga pamoja. Chukua neno linaloandikwa vibaya kuliko mengi kwenye vibao vya gesti za mji huu: accommodation. Ni ad- iliyogeuka ac-, halafu com-, halafu mod, kipimo. Ac-com-mod-ation. C mbili, m mbili, hakuna mjadala. Nikipita Sinza na Magomeni huwa navisoma vibao hivyo taratibu, na siwezi kusema fundi rangi ndiye anayeshinda mara nyingi.

Hatua ya tano: chimba kilicho karibu nawe

Kaa kwenye meza shuleni, na kalamu na karatasi. Sentensi hiyo ina maneno manne yaliyotoka huko tunakozungumzia. Shule tumeipata kwa Wajerumani, nao kwa Kilatini schola, nayo kwa Kigiriki. Meza ni ya Wareno, kutoka mensa ya Kilatini. Kalamu imekuja na Kiarabu, lakini kwa Wagiriki ilikuwa kalamos, tete la kuandikia. Karatasi nayo ilipita Kiarabu kutoka khartes ya Kigiriki, na khartes hiyohiyo ndiyo iliyozaa chart na card za Kiingereza, pamoja na carta ya Kireno iliyotupa karata. Kwa hiyo anayekwambia mizizi hii ni ya wageni, mwonyeshe daftari lake.

Ukiwa Kariakoo, kilo ni elfu kwa Kigiriki. Mfumo wa metriki, ambao Ufaransa iliupitisha mwaka 1795, ulitumia Kigiriki kwa kuzidisha na Kilatini kwa kugawanya: kilo ni elfu nzima, mili ni sehemu ya elfu, hekta ina mia ndani yake, senti ni sehemu ya mia, iwe ya mita au ya shilingi. Ukilishika hilo, hesabu za kubadili vipimo hazikusumbui tena. Hapohapo dukani, credit ni kutoka credere, kuamini. Wenye maduka ya jumla wana jina lao la jambo hilo, mali kauli: unapewa mzigo kwa neno lako tu. Incredible ni kisichoaminika, na credible ni mtu ambaye angepewa.

Nenda Muhimbili usome vibao. MOI ni Muhimbili Orthopaedic Institute, sisi tunaiita Taasisi ya Mifupa, lakini ndani ya orthopaedic hakuna mfupa. Orthos ni nyoofu, na paed ni mtoto. Neno lilitungwa na daktari Mfaransa, Nicolas Andry, mwaka 1741, kwa ufundi wa kunyoosha viungo vya watoto vilivyopinda. Kazi ikapanuka kwa watu wazima, jina likabaki. Jirani yake, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ina cardiac, kutoka kardia, moyo. Idara nyingine ni nephrology ya figo, dermatology ya ngozi, ophthalmology ya macho. Hili la mwisho lina ph na th zikifuatana. Wengi huiacha h ya kwanza, mpaka wajue kwamba jicho kwa Kigiriki ni ophthalmos. Ukishuka Ocean Road Cancer Institute, cancer ni kaa kwa Kilatini, kaa yuleyule wa ufukweni. Na saratani? Ni kaa pia, kwa Kiarabu. Waganga wa kale wa Kigiriki waliufananisha uvimbe na kaa, na kila lugha ikatafsiri jina hilo kivyake.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yana habari za fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Liliitwa Zinjanthropus. Anthropos ni mtu kwa Kigiriki. Zinj ni jina ambalo waandishi wa Kiarabu waliita pwani hii na watu wake, lilelile lililomo ndani ya Zanzibar, na kwa njia hiyo ndani ya Tanzania. Siku hizi wataalamu wengi wanamwita Paranthropus. Para ni kando. Mtu wa kando, asiye kwenye mstari wetu. Jina limebadilishwa kipande kimoja tu, na nadharia nzima imebadilika nacho.

Na kama huna nauli ya kwenda popote, chukua kopo la dawa ya mbu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alilisoma mbele yangu: insecticide. Cide aliijua, ni kuua, ameshaiona kwenye pesticide na genocide. Akakwama kwenye insect. Nikamwambia akate: in-, ndani, sect, kukata, kama kwenye section na dissect.

"Kilichokatwa ndani? Sasa ticha, nani kamkata?"

"Mchore."

Akachora mdudu kwenye pembe ya daftari: kichwa, kifua, tumbo, na viuno viwili vyembamba katikati. Aliishika penseli muda kidogo kabla hajaandika head, thorax, abdomen. Swali la sehemu za mwili wa mdudu halijamsumbua tangu siku hiyo.

Hatua ya sita: mitego

Mtego wa kwanza ni wa hatari kweli, hasa kwa wa uuguzi na famasia. Hyper- na hypo- zinatofautiana kidogo sana masikioni, na zina maana zinazopingana. Hypertension ni presha ya kupanda, hypotension ni presha ya kushuka. Hyperglycaemia ni sukari kuzidi kwenye damu, hypoglycaemia ni sukari kupungua. Dawa ya mmoja inaweza kumuumiza mwingine. Kwa bahati Kiswahili kimetupa pa kushikia: hypo inatamkwa karibu kabisa na haipo, na kisichopo ni pungufu. Hyper ina pa, ya kupaa. Haipo imeshuka, paa imepanda. Sijaona mwanafunzi aliyefundishwa hivi akazichanganya, ingawa kwenye karatasi ya mgonjwa mazoea ni kusoma mara mbili, mbinu au hakuna mbinu.

Ante- ni kabla, anti- ni dhidi. Kliniki ya antenatal ni ya kabla ya kuzaliwa mtoto. Antibiotic ni dhidi ya uhai, uhai wa bakteria, na ndiyo maana haikusaidii kwenye mafua ya virusi.

Ped ya Kilatini ni mguu: pedestrian wa kwenye zebra, pedeli ya baiskeli. Paed ya Kigiriki ni mtoto: paediatrics. Sisi tunafuata tahajia ya Uingereza, na ae hiyo ndiyo inayotuokoa. Ukisoma maandishi ya Kimarekani yataandika pediatrics, na hapo utumie akili. Homo ya Kilatini ni mtu, kama Homo habilis aliyepewa jina hilo mwaka 1964, mtu mwenye ustadi, wa Olduvai vilevile. Homo- ya Kigiriki ni sawa, -moja: homogeneous.

In- ina sura mbili, ndani na kukanusha, na inflammable ndiyo inayoleta balaa. Siyo isiyowaka. Ni inayoingia kwenye moto, inayowaka upesi. Ukiliona neno hilo ubavuni mwa lori la mafuta linalotoka Kurasini, weka mbali sigara yako.

Halafu kuna mizizi inayosema kitu ambacho si kweli. Oxygen maana yake ni kinachozaa asidi, kwa sababu Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, aliamini kila asidi ina oksijeni ndani yake. Haikuwa hivyo, lakini jina lilishasajiliwa vitabuni. Malaria ni ya Kiitaliano, hewa mbaya. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross alionyesha vimelea vyake ndani ya mbu, na hewa ikaachiwa huru. Manufacture ni kutengeneza kwa mkono, kaulize viwandani Ubungo leo. Mzizi unakupa pa kuanzia na pa kukumbukia. Kwenye mtihani wa biolojia andika tafsiri ya kisayansi uliyofundishwa. Msahihishaji hakuulizi Kigiriki.

Hatua ya saba: mwisho wa neno

Hapa hapana mengi. -logy ni elimu ya kitu, -itis ni uvimbe wenye maumivu na joto (hepatitis ya ini, arthritis ya viungo, tonsillitis ya tezi za kooni), -ectomy ni kukata na kutoa, -meter ni kipimo, -able ni -eka au -ika yetu: portable, inayobebeka.

Wingi ndio unaokula alama. Kiswahili kinageuza mwanzo, kitabu na vitabu. Kilatini na Kigiriki vinageuza mwisho. Bacterium moja, bacteria nyingi. Nucleus, nuclei. Fungus, fungi. Larva, larvae. Phenomenon, phenomena. Hypothesis, hypotheses. Yaandike mawili mawili nyuma ya daftari, uyapitie ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi.

Hatua ya nane: kurudia na kukagua

Kila neno jipya, kisia kwanza. Likate, andika kisio lako kwa penseli, ndipo ufungue kamusi. Anayefungua kamusi kwanza anapata maana, ila akili haijafanya kazi, kwa hiyo kesho atalifungua tena. Kwa maana ya Kiswahili, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI ipo kwenye maktaba nyingi. Kwa asili ya neno, tovuti ya Etymonline na Wiktionary ni za bure na ni nyepesi, hazimalizi bando. Huna bando, nenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, uulize kamusi kubwa za Kiingereza. Mwanzoni au mwishoni mwa maelezo ya neno utakuta L kwa Kilatini na Gk au Gr kwa Kigiriki.

Kurudia kufanyike kwa kufunika. Funika upande wa maana, soma mizizi. Siku nyingine funika mizizi, soma maana. Bora zaidi mpate wawili: mmoja anataja mzizi, mwenzake anatoa maneno mpaka aishiwe. Watoto wangu wa tuisheni wanacheza hivyo wakisubiri umeme urudi, na ugomvi unaotokea juu ya kama neno limekubalika au la unafundisha kuliko mimi.

Jipime na haya, bila kamusi. Pericarditis: peri- kuzunguka, kardia moyo, -itis uvimbe, uvimbe wa utando unaouzunguka moyo. Subterranean: chini ya ardhi. Intravenous: ndani ya mshipa, yaani dripu. Omnivore: mla vyote, na omni hiyo ndiyo ya omnibus, chombo cha watu wote, ambacho Waingereza walikikata kikabaki bus nasi tukakiita basi. Hippopotamus: hippos farasi, potamos mto, Mgiriki alipomwona kiboko akaona farasi, sijui alikuwa amesimama umbali gani.

Anaesthesia sikupi jibu. An- unayo tayari. Dokezo: ndiyo wanayopewa wagonjwa pale MOI kabla ya kupasuliwa.